Kujifungulia Marekani kwa visa ya matembezi: sheria ya mama si sheria ya mtoto

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kwanza, kama mkeo mwenye ujauzito wa miezi mitano na visa ya matembezi ambayo muda wake haujaisha atakuwa anavunja sheria akienda kujifungulia Marekani, pili, kama mtoto atakayezaliwa huko bado atahesabiwa kuwa raia baada ya amri ya Rais Trump ya kuubana uraia wa kuzaliwa. Wachangiaji wengi waliotangulia wamejibu swali la pili wakidhani wamejibu na la kwanza. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Marekani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafsiri kati ya wanasheria wa uhamiaji na wateja wao, na mara nyingine kati ya wakunga na wazazi wodini, na karibu kila balaa niliyoishuhudia katika suala hili ilitokana na watu kuchanganya hadhi ya mtoto na hadhi ya mama.

Nianze na mama, kwa kuwa ndiye anayesafiri.

Hakuna sheria ya Marekani inayomzuia mjamzito kuingia nchini, wala inayofanya kujifungua kuwa kosa. Kilichopo ni kanuni ya Wizara ya Mambo ya Nje iliyoanza kutumika tarehe 24 Januari 2020, inayosema kwamba safari ambayo lengo lake kuu ni kumpatia mtoto uraia kwa kuzaliwa ndani ya Marekani si sababu halali ya kupewa visa ya aina ya B, ambayo ndiyo ya matembezi. Afisa wa ubalozi akiwa na sababu ya kuamini kuwa mwombaji atajifungua akiwa huko, anatakiwa kuchukulia kwamba uraia ndio lengo, na hapo ni juu ya mwombaji kuthibitisha vinginevyo. Anayekwenda kwa ajili ya matibabu hajafungiwa mlango, ila ataulizwa ni kwa nini anahitaji kutibiwa Marekani, ni daktari gani amekubali kumhudumia, na fedha za matibabu na za kujikimu zitatoka wapi.

Utasema kwamba mkeo ana visa tayari, kwa hiyo hilo la ubalozi limekwisha. Halijaisha. Visa humruhusu mtu kufika uwanja wa ndege na kuomba kuingia. Anayeamua kama ataingia, na kwa muda gani, ni afisa wa forodha na ulinzi wa mipaka aliyeketi pale dirishani. Afisa huyo anaweza kuuliza maswali yale yale upya, anaweza kufungua mizigo, na anaweza kupekua simu.

Namkumbuka mama mmoja ambaye nilitafsiri mazungumzo yake na mwanasheria, wakati huo akiwa amekwisharudishwa kwao (nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike). Alishauriwa na ndugu zake aseme anakwenda kwenye mahafali ya binamu yake. Binamu alikuwepo kweli, na mahafali yalikuwepo kweli, lakini ndani ya begi mlikuwa na kadi ya kliniki pamoja na barua ya miadi ya hospitali, na katika simu mlikuwa na ujumbe wa miezi mitatu kuhusu pasipoti ya mtoto. Alipewa nafasi ya kuondoa ombi lake la kuingia, visa yake ikafutwa, akapandishwa ndege ya kurudi. Alichotaka kujua kwa mwanasheria ni kwa nini ujauzito wake umekuwa kosa. Mwanasheria alimjibu kwamba kilichoandikwa kwenye jalada lake ni kauli yake kuhusu sababu ya safari, na kwamba kauli hiyo ndiyo itakayomfuata.

Hapa ndipo penye uzito ambao watu wengi hawauoni. Sheria ya uhamiaji inasema kuwa mtu aliyejaribu kupata visa au kuingia nchini kwa udanganyifu, au kwa kupotosha kwa makusudi jambo la msingi, hastahili kuingia maisha yake yote, labda apate msamaha. Kwa anayetaka kuhamia moja kwa moja, msamaha huo unategemea kuthibitisha kwamba mume, mke au mzazi wake aliye raia au mkazi wa kudumu atapata shida kubwa akinyimwa. Mtoto hayumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mzazi anayedanganya ili mtoto azaliwe raia, kwa matumaini kwamba siku moja mtoto huyo atamwita, anaweza kuwa amejiwekea kizuizi ambacho mtoto mwenyewe hana uwezo wa kukiondoa.

Nimeona pia upande wa pili. Mama mwingine, aliyekuwa na ujauzito wa hatari, alieleza ubalozini tangu mwanzo kuwa anakwenda kutibiwa na kujifungua, akaonyesha barua ya daktari bingwa, makadirio ya gharama na taarifa za benki. Alipewa visa, akajifungua, akalipa, akaondoka kabla ya tarehe aliyopewa kwisha. Alipoomba visa upya baada ya miaka kadhaa, jambo la kwanza aliloulizwa ni nani alilipa hospitali, naye alikuwa amehifadhi risiti zote.

Risiti hizo si jambo dogo. Tangu mwaka 1986 sheria ya serikali kuu inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura kumhudumia mwanamke aliyeshikwa na uchungu bila kujali kama ana fedha, na wengi wanaichukulia sheria hiyo kama ahadi ya huduma ya bure. Kuhudumiwa atahudumiwa, na bili itakuja baadaye. Bili yenyewe haiji moja: hospitali huleta yake, daktari wa uzazi yake, daktari wa ganzi yake na daktari wa watoto yake, na jumla hufika makumi ya maelfu ya dola kwa urahisi. Hospitali nyingi huwa na bei maalumu kwa anayelipa mwenyewe kabla, lakini bei hiyo huhesabu uzazi usio na matatizo. Mtoto akizaliwa njiti na kulazwa wiki kadhaa katika chumba cha uangalizi maalumu, hesabu yote mliyopiga nyumbani haina maana tena. Wapo wanaoelekezwa na wenyeji kujaza fomu za bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo. Bima hiyo inamtaka mtu awe mkazi wa jimbo husika, na mgeni anayeandika kuwa ni mkazi ilhali aliingia kama mtalii anajitengenezea ushahidi dhidi yake.

Sasa nije kwa mtoto, ambako mjadala ni mpana zaidi na, nikiri, unanivutia zaidi.

Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1868, yanasema kwamba watu wote waliozaliwa au kuandikishwa uraia nchini humo, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia. Yaliandikwa ili kufuta hukumu ya mwaka 1857 katika shauri la Dred Scott, iliyosema kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia. Ugomvi wote wa leo umejificha katika yale maneno ya "chini ya mamlaka yake". Wanaotaka kuubana uraia wa kuzaliwa wanadai kwamba maneno hayo yanahitaji utii kamili au makazi ya kudumu, hivyo mtoto wa mtalii hayumo. Wanaopinga wanasema kuwa mtu yeyote anayeweza kukamatwa na polisi na kushtakiwa mahakamani yuko chini ya mamlaka ya nchi, na kwamba waliokusudiwa kuachwa nje ni watoto wa wanadiplomasia, wa majeshi ya adui yaliyoteka eneo, na, kwa wakati ule, wa makabila ya Wahindi Wekundu, ambao Bunge liliwapa uraia kwa sheria ya mwaka 1924.

Shauri linaloongoza ni la Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina ambao sheria za wakati huo hazikuwaruhusu kuwa raia. Alisafiri kwenda China, na aliporudi mwaka 1895 akazuiwa kuingia kwa madai kwamba si raia. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba ni raia kwa kuzaliwa. Wanaopinga utalii wa uzazi, yaani kusafiri ili mtoto azaliwe raia, hushika jambo moja katika hukumu hiyo, kwamba wazazi wake walikuwa wakazi wa kudumu, na jambo hilo limetajwa humo kweli. Hata hivyo, ukisoma hoja za hukumu yenyewe utaona zinajengwa juu ya kanuni ya zamani ya Kiingereza iliyomfanya raia kila aliyezaliwa katika ardhi ya mfalme, hata kwa mgeni anayepita. Mimi naona maandishi yako upande wa mtoto. Wapo wanasheria makini wasiokubaliana nami, na wanastahili kusomwa, lakini wana mlima mrefu wa kupanda.

Amri ya Trump ya tarehe 20 Januari 2025 ilitaka mtoto asitambuliwe kuwa raia ikiwa mama yuko nchini bila hadhi, au yupo kihalali kwa muda tu, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Siku tatu baadaye jaji wa Seattle aliisimamisha. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliwapunguzia majaji wa chini uwezo wa kutoa zuio la nchi nzima, lakini haikugusa swali lenyewe la uraia. Julai jaji wa New Hampshire akatoa zuio jingine kupitia shauri la kundi la watoto. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kusikiliza kiini cha suala, na hadi hapo amri hiyo ilikuwa haijatekelezwa kwa mtoto yeyote. Usipange safari kwa kutegemea video za watu wanaosema "imepita" au "imekufa". Tafuta maneno ya hukumu yenyewe.

Angalia pia inavyowagusa watu. Amri hiyo huzungumzwa kana kwamba inawalenga watalii wenye fedha, ilhali wanaoguswa zaidi ni wanafunzi, wafanyakazi wenye visa za muda na familia zisizo na hati ambazo zimeishi hapa miaka mingi. Mtalii wa uzazi anatangulizwa mbele kwa sababu ni vigumu kumtetea. Hata idadi yake haijulikani kwa uhakika, kwani cheti cha kuzaliwa huandika makazi ya mama na hakiandiki visa aliyoingilia. Ndiyo maana kila upande una makadirio yake. Kwa kulinganisha, watoto wote wanaozaliwa Marekani kwa mwaka ni kama milioni 3.6.

Simaanishi kuwa biashara hiyo haipo. Kusini mwa California kulikuwa na nyumba zilizopangishwa wajawazito kutoka China kwa malipo makubwa, maafisa wakazivamia mwaka 2015, na mwaka 2019 waendeshaji kadhaa wakafunguliwa mashtaka. Ukiyasoma mashtaka hayo hutakuta kosa la kuzaa. Utakuta udanganyifu wa visa na utakatishaji wa fedha, pamoja na wateja kufundishwa la kusema mbele ya afisa. Nadhani huko ndiko sheria inakopaswa kukaza.

Nchi nyingine zilibadili sheria ya uraia yenyewe. Uingereza iliacha uraia wa kuzaliwa usio na masharti mwaka 1983, Australia mwaka 1986, na Ireland kwa kura ya maoni ya mwaka 2004. Zilifanya hivyo kwa watoto wa baadaye. Jamhuri ya Dominika ndiyo ya kuogopwa: mwaka 2013 mahakama yake ya katiba ilirudi nyuma hadi mwaka 1929, na maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Haiti wakajikuta hawana uraia wowote. Canada bado inatoa uraia kwa karibu kila anayezaliwa humo, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia.

Tuseme basi kwamba mtoto amezaliwa na ni raia. Ninyi wazazi hampati kitu kwa wakati huo, si kibali cha kukaa wala cha kufanya kazi. Atakapotimiza miaka 21 anaweza kuwaombea ukazi, akiwa na makazi Marekani na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini, au mdhamini mwenza. Kijana aliyelelewa nje ya Marekani na ambaye ndiyo kwanza amefika chuo mara nyingi hana hata kimoja. Kabla ya hapo atakuwa na wajibu wake: Marekani inawataka raia wake kutoa taarifa za kodi popote wanapoishi, na mvulana akifika miaka 18 hutakiwa awe katika orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Chunguzeni pia sheria ya nchi yenu kuhusu uraia pacha. Kenya inauruhusu tangu Katiba ya 2010, na Tanzania humtaka mtu mzima achague.

Nikiulizwa kuhusu mkeo hasa, kama hana sababu ya kitabibu na lengo ni pasipoti ya mtoto, basi lengo hilo ndilo kanuni ya 2020 inayolikataa, na sioni namna ya kulieleza kwa ukweli mbele ya afisa na bado akaruhusiwa. Kama sababu ya kitabibu ipo, asiitegemee visa ya zamani peke yake. Amwone mwanasheria mwenye leseni kabla ya kukata tiketi, na abebe barua ya daktari na uthibitisho wa fedha katika mzigo wa mkononi. Mashirika mengi ya ndege hayambebi mjamzito aliyevuka wiki ya 36. Nawe ukibaki nyumbani, saini bila kuchelewa fomu ya ridhaa ya pasipoti mbele ya ofisa anayetambuliwa, kwa sababu pasipoti ya Marekani ya mtoto wa chini ya miaka 16 huhitaji ridhaa ya wazazi wote wawili. Nimeona mama aliyekwama na kichanga akisubiri karatasi hiyo huku siku alizopewa za kukaa zikimwishia.