Maswali na majibu: Mafanikio ya mtafiti kwenye fomu ya tuzo yaandikwe vipi?

SWALI: Idara yetu iko hapa Mwanza. Tuna watafiti wawili tunaotaka kuwapendekeza kwa tuzo. Mmoja ni daktari anayeshughulika na kichocho visiwani na kando ya ziwa. Mwingine ni mhandisi wa vifaa tiba aliyeanzisha utaratibu wa kutunza konsentreta za oksijeni, yaani mashine zinazokusanya oksijeni kutoka hewani, kwenye vituo vya afya. Daktari tumempendekeza mara mbili na hakufika hata orodha fupi. Fomu inataka mafanikio ya kitaaluma yasiyozidi maneno 800. Tuliorodhesha makala zake zote, vyeo na semina, tukaandika kwamba "amepunguza kichocho kwa kiasi kikubwa". Wenzetu wanasema tuongeze fahirisi h, ile namba inayotokana na makala zake zilivyonukuliwa. Tumekosea wapi? Na mhandisi, ambaye hana makala nyingi, tumwandikeje? — Katibu wa kamati ya utafiti

JIBU: Ndugu Katibu, mmekosea kwenye maneno hayo mawili, "kiasi kikubwa", na kwenye orodha yenyewe. Anayesoma fomu yenu ana rundo la fomu mezani, na mara nyingi fani yake si kichocho wala vifaa tiba. Anachotafuta ni tatizo lilikuwa lipi, mteule alifanya nini yeye mwenyewe, kilibadilika nini kikilinganishwa na nini, na nani anaitumia kazi hiyo leo hata mteule asipokuwepo. Orodha ya makala haijibu hata moja kati ya hayo. Semina zifuteni zote. Kuhudhuria si mafanikio.

Nianze na namba, maana hapo ndipo mapendekezo mengi yanapovunjika. Mfano mzuri mnao hapo hapo mkoani. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Mwanza ulioongozwa na Heiner Grosskurth na wenzake, kuhusu kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza maambukizi mapya ya VVU. Jamii 12 zilipangwa katika jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu kwenye vituo vya afya na zahanati zake, nyingine ikasubiri. Baada ya miaka miwili, upande uliopata huduma, watu 48 kati ya 4,149 waliokuwa hawana virusi walikuwa wameambukizwa, sawa na asilimia 1.2. Upande wa kulinganisha walikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Uwiano wa hatari, yaani hatari ya upande uliopata huduma ikigawanywa kwa ya upande wa kulinganisha, baada ya marekebisho ulikuwa 0.58, na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, yaani mipaka ya makadirio hayo, kilianzia 0.42 hadi 0.79.

Sasa tazama namna namba hizo hizo zinavyoweza kuandikwa vibaya. Ukiandika "walipunguza UKIMWI Mwanza kwa asilimia 42", umekosea mara tatu katika sentensi moja. Kilichopimwa ni maambukizi mapya, si UKIMWI. Kilipimwa katika jamii 12, si Mwanza nzima. Na asilimia 42 ni upungufu wa kulinganisha, unaotokana na 1 kutoa 0.58, kwa hesabu ya vichwa ni kama watu 7 pungufu katika kila 1,000 kwa miaka miwili. Isitoshe, mjumbe wa jopo la tuzo mwenye kikokotoo akigawanya namba ghafi atapata 0.62, yaani upungufu wa asilimia 38, na atajiuliza zile 4 zimetoka wapi. Zimetoka kwenye marekebisho ya mpangilio wa jozi na ya tofauti nyingine kati ya jamii zile. Sema hivyo kwa maneno matano tu, "baada ya marekebisho ya kitakwimu", na shaka inakwisha.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo waandishi wa mapendekezo hupenda kulificha. Miaka minne baadaye, mwaka 1999, utafiti wa Rakai, Uganda, ambao wenyewe uliwapa dawa watu wote nyumbani kwa awamu, ulichapishwa ukionyesha kwamba VVU havikupungua. Wataalamu wamejadili sana sababu, mojawapo ikiwa hatua tofauti ya mlipuko katika sehemu hizo mbili. Mtu akiandika wasifu wa mtafiti wa Mwanza bila kuigusa Rakai, mjumbe anayeijua fani ataona amefichwa. Sentensi moja inayosema matokeo yalitofautiana na kwa nini humpa mteule heshima zaidi. Kama kazi ya daktari wenu nayo ina tafiti zinazopingana nayo, mzitaje.

Turudi kwenye kichocho. Neno "amepunguza" halina maana mpaka useme umepima lini na kwa kipimo gani. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga hubaki hai. Na watu wa mwaloni hurudi majini kesho yake kuvua, kuosha vyombo na kuoga. Kwa hiyo ukipima wiki chache baada ya kugawa dawa utaona maambukizi yameshuka vizuri kabisa, na ukipima mwaka mmoja baadaye, kabla ya awamu inayofuata, unaweza kukuta yamepanda tena. Namba ya kwanza inaeleza dawa. Ya pili ndiyo inayoeleza kazi ya daktari wenu. Wekeni zote mbili, na tarehe zake.

Elezeni pia kama mnazungumzia idadi ya wenye maambukizi au uzito wa maambukizi, maana mradi unaweza kuacha watu wengi bado na mayai machache ya minyoo kwenye choo huku wale wenye mzigo mkubwa wakiwa wamepungua sana, na hilo ni mafanikio ya kweli kwa ini na utumbo wa mgonjwa. Kwa Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai hayo kwa darubini, kiolezo cha kawaida hubeba miligramu 41.7 za choo. Mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Kuanzia 400 kwa gramu, kwa kichocho cha utumbo, huitwa maambukizi mazito. Hivyo slaidi yenye mayai 17 imeshavuka mpaka: 17 mara 24 ni 408. Andikeni wangapi walikuwa juu ya mpaka huo kabla na baada, kati ya wangapi waliopimwa, na wangapi hawakuonekana tena. Hili la mwisho husahauliwa. Katika utafiti wa 1995 waliofuatiliwa tena walikuwa 8,845 kati ya 12,537, asilimia 71, na namba hiyo iliwekwa wazi kwenye muhtasari. Visiwani, ambako wavuvi huhama kufuata samaki, mjumbe atauliza kabla hujamaliza sentensi.

Baada ya namba, nafasi yake binafsi. Makala yenye waandishi 20 haisemi nani alibuni wazo, nani alikuwa kambini usiku na darubini, nani alichakata takwimu. Majarida mengi siku hizi hutumia mgawanyo wa majukumu 14 uitwao CRediT. Fungueni ukurasa wa mwisho wa kila makala kuu mchukue majukumu ya mteule neno kwa neno. Kisha tumieni kitenzi chenye mtendaji mmoja: "alibuni", "aliongoza", "alichambua". "Alishiriki" lisionekane zaidi ya mara moja. Na msimwongezee, kwa sababu mwandishi mwenza anaweza kuwa ndani ya jopo.

Fahirisi h wekeni kwa mstari mmoja kama fomu imeiomba, basi. Fahirisi ya 17 maana yake ana makala 17 ambazo kila moja imenukuliwa si chini ya mara 17. Haisemi zilibadilisha nini. Kati ya hifadhi za mtandaoni zinazohesabu nukuu, Google Scholar kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko Scopus, hivyo tajeni chanzo na tarehe mliyoangalia. Makala chagueni tano, na chini ya kila moja sentensi moja ya ni nani aliitumia: mwongozo wa wizara, mpango wa halmashauri, mtaala. Makala tano zenye maelezo hayo zinashinda orodha ya arobaini.

Mhandisi sasa. Msihuzunike kwamba hana makala nyingi. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015, ilipotolewa kwa mara ya kwanza na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya nano, yaani chembe ndogo mno. Mwaka 2018 aliichukua Brian Gitta wa Uganda kwa Matibabu, kifaa cha kupima malaria kwa mwanga mwekundu kwenye kidole bila kutoa damu. Kwenye uhandisi, kifaa na kazi yake ndivyo hoja.

Ila kifaa nacho kina takwimu zake. Kosa la kawaida ni kuandika "amekarabati konsentreta kadhaa". Mashine inaweza kuwaka, ikanguruma, ikatoa mapovu kwenye chupa ya maji, na bado hewa inayotoka isimfae mgonjwa. Konsentreta huvuta hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21 na kuipitisha kwenye zeolaiti, aina ya madini inayonasa naitrojeni; ikiwa nzima hutoa oksijeni ya takriban asilimia 93, na WHO inataka isishuke chini ya 82. Vumbi likiziba filta, kompresa huchemka na mgandamizo hushuka. Unyevu ukiingia kwenye zeolaiti, nayo hupoteza uwezo wa kunasa naitrojeni, na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Umeme unaopanda na kushuka huunguza bodi.

Kwa hiyo andikeni usafi wa oksijeni uliopimwa kwa analaiza, kifaa cha kupima asilimia ya oksijeni, kwenye mtiririko wa juu kabisa wa mashine hiyo, kabla na baada ya utaratibu wake. Kwenye mtiririko mdogo hata mashine mbovu inaweza kusoma vizuri. Ongezeni saa za kazi kutoka kwenye mita ya mashine, siku ambazo kila mashine ilikaa bila kufanya kazi, na bei ya vipuri. Sentensi ikae hivi: "Kati ya mashine … zilizokuwa chini ya asilimia 82 mwezi …, mashine … zilikuwa juu ya kiwango hicho miezi 12 baadaye, zikihudumiwa na mafundi wa vituo vyenyewe kwa ratiba aliyoiandika." Nafasi zijazeni kutoka kwenye daftari la matengenezo. Kama daftari halipo, anzeni kulijaza wiki hii na mpendekeze mwakani, msikadirie.

Kama ana hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, tofautisheni maombi yaliyowasilishwa na hataza iliyotolewa, iwe na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni nchini, au ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu, na muweke namba yake. Kama kifaa kinahitaji usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, semeni kiko hatua gani. Jaribio la awali liitwe jaribio la awali.

Neno moja kuhusu kujisifu kwa uteuzi. Kupendekezwa, kuingia orodha fupi na kushinda ni mambo matatu. Mtu anayeandika kwenye wasifu kwamba "alipendekezwa Nobeli" hujiharibia: majina yanayopendekezwa hufungwa kwa miaka 50, na kujipendekeza mwenyewe hakukubaliwi. Andikeni orodha fupi pale tu mliponayo barua.

Barua za kuunga mkono ziwe tatu. Moja itoke kwa mtaalamu asiyewahi kuandika naye makala, moja kwa aliyeshirikiana naye, na moja kwa mtumiaji: mganga mkuu wa wilaya kwa daktari, fundi vifaa tiba wa kituo kwa mhandisi. Ombeni wiki sita kabla, na kila mwandishi mpeni mafanikio tofauti ya kueleza, la sivyo mtapata barua tatu zenye aya moja. Picha ya mgonjwa au ya mtoto mwenye tumbo lililovimba msiiweke bila ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Kabla ya kutuma, chapisheni rasimu, na pembeni ya kila namba andikeni kwa kalamu ukurasa ilikotoka. Namba isiyo na ukurasa ikatwe. Kisha mpeni mwalimu wa hisabati wa sekondari iliyo jirani asome kwa dakika kumi, halafu mwambieni aeleze daktari wenu alifanya nini. Akisema "amepunguza kichocho" bila kutaja wapi, lini na kati ya wangapi, aya ya kwanza iandikeni upya.