Mkanda wa jeshi: dawa za asili zinasaidia wapi, na zinaishia wapi

Barua karibu zote za wiki hii zinauliza kuhusu mkanda wa jeshi. Nimeshika wagonjwa wengi wa ugonjwa huu katika kazi yangu ya uuguzi, lakini nilioujua kweli ni ule wa mama yangu, aliyelala ameketi wiki tatu kwa sababu shuka likimgusa ubavuni alilia. Kwa hiyo hizi barua sizijibu kwa haraka.

*Shikamoo dada. Jana yamenitoka malengelenge ubavu wa kushoto, yamejipanga mstari. Siku tatu kabla, pale pale palikuwa panawaka moto na hapakuonekana kitu. Sipendi vidonge. Nianze na dawa gani ya asili?*

Marahaba mdogo wangu. Anza na safari ya kituo cha afya, na iwe leo.

Kirusi kinachokusumbua ni kile kile cha tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, kirusi hakiondoki. Kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo, na kinaweza kulala humo miaka hamsini. Kinga ikishuka, kwa uzee, maradhi au dawa fulani, kinaamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana uliungua kabla ya kuona kipele: mshipa ulikuwa umeshaanza kuumwa.

Dawa kama asiklovia na valasiklovia hukizuia kirusi kuzaliana, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Wewe umeshatumia siku nzima. Hakuna jani, mzizi wala mafuta yaliyothibitika kuifanya kazi hiyo. Na hata anayesoma hapa akiwa siku ya nne au ya tano, kama malengelenge mapya bado yanatoka, aende vilevile.

*Nimepewa vidonge, namshukuru Mungu, lakini usiku silali kwa kuwashwa na kuungua. Nifanye nini nyumbani?*

Hapa ndipo dawa za asili zina heshima yake. Tafuta kitambaa cha pamba kilicholainika kwa kufuliwa. Kichovye kwenye maji safi ya baridi, yasiwe ya barafu, ukikamue mpaka kisidondoshe. Kilaze juu ya upele bila kukiburuta, ukiache dakika kumi hadi kumi na tano. Ukikitoa, kausha ngozi kwa kuigusagusa na kitambaa kingine kikavu, usisugue. Rudia mara kadhaa kwa siku, na jioni karibu na kulala usiikose. Kila kitambaa kikitumika kifuliwe kwa maji ya moto, na asikitumie mtu mwingine. Malengelenge yakiacha kutoa maji, acha kukanda, maana ngozi itakauka na kuwasha upya.

Oti iliyosagwa ikawa unga laini kabisa, ukiikoroga kwenye maji ya vuguvugu ya kuoga na kujiloweka kama robo saa, hutuliza muwasho. Losheni ya kalamini nayo husaidia.

Halafu nguo. Mama alivumilia gauni moja tu, la pamba, kubwa kumzidi, tukawa tunalifua usiku na kulianika ndani. Kama hata hilo linauma, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo tu, ufunike na bandeji isiyonata kwenye kidonda. Wengi huacha upele wazi wakidhani utapumua, kumbe ni upepo na nguo vinavyowatesa. Na usione aibu kumeza parasetamoli kwa kipimo chake, kwani usingizi nao ni sehemu ya matibabu.

*Jirani ananiambia nipake kitunguu saumu kilichotwangwa. Mwingine anasema asali, mwingine siki. Nimsikilize nani?*

Kitunguu saumu kibichi hapana. Nimemfungua bandeji mgonjwa aliyekipaka usiku kucha, na ngozi iliyokuwa na malengelenge machache ilikuwa imeungua eneo zima, kama aliyemwagiwa uji wa moto. Siki, ndimu, majivu na dawa ya meno viko kundi hilo hilo. Malengelenge yakipasuka ni mlango wa bakteria, na kidonda kikioza kinaacha kovu.

Asali ina hadithi tofauti. Maabara imeonyesha kwamba inaweza kukidhoofisha kirusi hiki, lakini chupa ya maabara siyo ngozi ya mtu, na ushahidi kwa wagonjwa bado haujatosha. Ukitaka kuitumia, iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vidonda, iliyosafishwa vijidudu. Ute wa mshubiri (alovera) unapoza ngozi isiyo na kidonda. Jaribu kwanza kidogo mkononi, mwaga ule utomvu wa njano kwa sababu unawasha, wala usiupake penye kidonda wazi.

*Upele wangu ulipona miezi minne iliyopita, lakini pale pale bado panachoma. Ni kweli pilipili inatibu?*

Kuna ukweli ndani yake. Maumivu yanayobaki zaidi ya miezi mitatu yanatoka kwenye mshipa ulioumizwa, na kapsaisini, kile kinachoifanya pilipili iwe kali, hutengenezewa krimu na plasta za kuyapunguza. Lakini ni kwa ngozi iliyokwisha kupona tu, na ile plasta kali hubandikwa na mhudumu wa afya. Pilipili ya jikoni usiiguse. Krimu isipokusaidia, mwambie daktari. Zipo dawa za kumeza za maumivu ya mishipa.

*Ni kweli mkanda ukizunguka ukakutana, mtu anakufa?*

Si kweli. Mshipa wa kushoto huhudumia kushoto, wa kulia kulia, na upele kwa kawaida huishia katikati ya mwili. Lakini ukisambaa sehemu nyingi, huenda kinga imeshuka sana, wahi hospitali.

*Namuuguza mume wangu, na binti yetu ni mjamzito. Hajui kama aliwahi kuugua tetekuwanga.*

Mama, mweke mbali na upele huo mpaka malengelenge yote yafanye magamba, na amweleze mkunga wake. Maji ya malengelenge humwambukiza tetekuwanga mtu asiyewahi kuipata; mkanda wenyewe hauambukizwi. Vichanga na wenye kinga dhaifu wakae mbali pia. Baba afunike upele, anawe mikono. Akishapona, muulizie chanjo ya Shingrix, dozi mbili, kwa wenye miaka 50 na kuendelea, maana ugonjwa huu unaweza kurudi.

*Nina miaka 29. Vipele vimenitoka upande mmoja wa paji la uso, vimeshuka kwenye kope na ncha ya pua. Bibi ananikanda kwa maji ya majani.*

Mwanangu, weka simu chini uende hospitali sasa hivi. Mshipa unaohudumia ncha ya pua ni tawi la ule unaokwenda kwenye jicho, na kirusi kikifika humo kinaweza kuacha kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho na kukupofusha. Maji ya majani yasiingie machoni tena. Ukifika, sema wazi kwamba kuna vipele kwenye pua, wakuangalie jicho leo. Omba pia kipimo cha VVU: vijana wazima hupata mkanda, lakini kwa umri wako ni vizuri kujua kinga imekaaje.

Bibi mshukuru, amekukanda kwa upendo. Mwombe akusindikize.