Mtazame Anayecheka

Mzazi akija kuniambia mwanawe anaonewa darasani, karibu kila mara huanza na swali moja: huyo mwonevu ni nani? Mimi humuuliza lingine: wanaocheka ni kina nani? Nimefundisha vijana wa sekondari kwa miaka mingi, na kadiri ninavyokaa nao ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ukishawajua wanaocheka, umeshapata pa kuanzia.

Mwangalie kijana anayetaka kumkejeli mwenzake. Kabla hajafungua mdomo, macho yake hukimbilia madawati ya nyuma kuhakikisha wale anaowaogopa na kuwapenda wanasikia. Akishatupa neno lake, anaangalia tena, na hamwangalii aliyeumizwa, anawaangalia wao. Niliwahi kufundisha mvulana mwenye kigugumizi. Zamu yake ya kusoma kwa sauti ikikaribia, mwenzake mmoja alianza kugonga dawati kwa kidole, taratibu, akiigiza maneno yanavyokwama. Hakutamka lolote. Mgeni angeingia darasani asingeona kosa. Lakini darasa zima lilijua, na wapambe wake wawili walikuwa wamekwisha kuziba midomo kwa viganja kabla mwenzao hajasoma hata sentensi moja.

Watu wazima hupenda kusema mwonevu ni mtoto asiyependwa, anayemalizia machungu ya nyumbani kwa wenzake. Wapo wa namna hiyo, na wanahitaji msaada. Ila wengi niliowaona ni wachangamfu, wanavaa vizuri, wanasalimia walimu kwa adabu, na ndiyo maana ni vigumu kuwashuku. Mwaka 2011 wanasosholojia wa Marekani, Robert Faris na Diane Felmlee, walichapisha utafiti kuhusu urafiki na uchokozi kati ya wanafunzi wa North Carolina. Waligundua kwamba kadiri mwanafunzi anavyopanda hadhi ndivyo anavyozidi kuwachokoza wenzake, mpaka afike kileleni kabisa, ambako uchokozi hupungua. Kwangu mimi hilo linaeleweka. Aliyekwisha kufika hana haja ya kumkanyaga mtu. Anayekanyaga ni yule ambaye bado anatafuta nafasi na anahofia kuporomoka.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wenyewe hulichanganya. Kuwa maarufu na kupendwa si kitu kimoja. Waulize kwa faragha nani maarufu darasani, watakutajia jina. Waulize wangependa kukaa na nani kwenye safari ndefu, na mara nyingi watataja mtu mwingine kabisa. Ningependa kila kijana wa miaka 13 aulizwe maswali hayo mawili na aachiwe muda wa kuyatafakari.

Kwa hiyo dawa ianzie kwa watazamaji. Mtafiti wa Finland, Christina Salmivalli, na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba uonevu una majukumu mengi: wapo wanaosaidia, wanaochochea kwa kicheko, wanaojitenga, na wachache wanaotetea. Mpango wa KiVa wa kuzuia uonevu, ulioanza kuenea katika shule za nchi hiyo mwaka 2009, ulijengwa juu ya wazo hilo. Na huko Kanada, watafiti waliorekodi watoto wa shule ya msingi wakati wa mapumziko waliona kwamba mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya visa vilikoma ndani ya sekunde 10.

Usimwambie kijana awe shujaa, ataogopa, na ana haki ya kuogopa. Mwambie afanye madogo. Asicheke. Asisambaze ile picha kwenye kundi la simu. Amwendee aliyeonewa baadaye, amwombe daftari, watembee pamoja kwenda darasa linalofuata. Katika darasa la yule mvulana kulikuwa na msichana mmoja, mwanamichezo, ambaye kila mtu alitaka kuwa karibu naye. Nilizungumza naye peke yake. Siku iliyofuata alihamishia kiti chake kwenye dawati la mvulana yule, akafungua kitabu, wakasoma kwa zamu kama kawaida. Kidole kiligonga mara chache, hakuna aliyeitikia, kikanyamaza.

Walimu wenzangu, tuache kuwaruhusu manahodha wachague timu mbele ya wote. Anayebaki wa mwisho tunamtangaza sisi wenyewe. Tusiwakalishe pia mwonevu na mwonewa uso kwa uso tukiwaambia wapatane, kana kwamba waligombana wakiwa sawa. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza suala hili miaka ya 1970, alisisitiza kwamba kwenye uonevu mmoja ana nguvu kuliko mwenzake. Waone kila mmoja peke yake.

Mzazi wa anayeonewa, usiseme “wapuuze tu”, kwa sababu ameshajaribu. Wala usiende kugombana na wazazi wa mwenzake. Andika tarehe, mahali, waliokuwepo, uhifadhi jumbe, kisha uende shuleni na daftari hilo. Kila jioni uliza, “Leo mapumziko ulikaa na nani?” Akitaja hata rafiki mmoja, mlinde rafiki huyo, mkaribisheni nyumbani. Na mtoto akisema hataki kuishi tena, usiseme ni maneno ya utoto. Usimwache peke yake, na mpeleke kwa daktari au mshauri siku hiyo hiyo.

Wewe ambaye mwanao haonewi wala haonei, usifikiri hujatajwa. Muulize usiku huu nani anachekwa darasani kwao, na yeye hufanya nini wengine wakicheka.