Wasomaji wanauliza: mtaa wa makazi ukipendekezwa kuwa wa biashara

SWALI: Ndugu mhariri, huku kwetu limebandikwa tangazo kwamba viwanja vya kando ya barabara vinapendekezwa kubadilishwa kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Kiwanja changu kina hati na nyumba tayari. Nianze kujenga fremu tatu za duka au ningoje? — Msomaji, Gungu, Kigoma

JIBU: Ngoja, ndugu yetu. Hilo bado ni pendekezo, na hata likipita linabadilisha mpango wa eneo tu. Hati yako itaendelea kusema "makazi" mpaka wewe mwenyewe uombe ibadilishwe. Wengi hukwama hapo: mchoro wa mtaa unasema biashara, hati inasema makazi, na maombi ya kibali cha ujenzi yanarudishwa.

Mpango ukishaidhinishwa, mwandikie mkurugenzi wa manispaa ukiambatisha nakala ya hati, ramani ya upimaji, risiti ya kodi ya pango la ardhi na mchoro wa unachotaka kujenga. Ujue pia kwamba pango la kiwanja cha biashara ni kubwa kuliko la makazi, na utalilipa hata fremu zikikaa bila mpangaji. Kwa hiyo usibadilishe kwa kuwa tu jirani amebadilisha.

Wakati unangoja, nenda ofisi ya mipango miji uombe kuona mchoro wenyewe. Beba rula. Mchoro ukiwa wa kipimo cha 1:2,500, sentimita 1 ni mita 25 ardhini, na mstari wa kalamu wenye unene wa milimita 1 umeshafunika mita 2.5. Mpaka ukipita kwenye ukingo wa kiwanja chako, macho hayatoshi kujua umo au umeachwa. Omba orodha ya viwanja vinavyohusika, utafute namba yako.

Kisha pima nafasi. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 ni mita za mraba 500. Tuseme masharti yanaruhusu kujenga nusu, yaani 250. Nyumba ya mita 10 kwa 14 imekula 140, na fremu tatu za mita 3 kwa 4 ni 36 tu. Hesabu inakubali, lakini shimo la choo liko wapi? Kosa tunaloliona mara nyingi ni fremu kuziba njia ya gari la kunyonya maji taka, na shimo likijaa hakuna pa kulipitisha bomba. Kama barabara yenyewe ni kuu au ya mkoa, kumbuka hifadhi yake ni mita 30 kutoka katikati kwenda kila upande. Fremu iliyo ndani ya hapo haiokolewi na mabadiliko yoyote ya matumizi.

SWALI: Jirani ameomba kiwanja chake kibadilishwe ili aweke mashine ya kukamua mawese. Tumelalamika kwenye mkutano wa mtaa, hatuoni kitu. Tufanyeje? — Mama wa Mwanga

JIBU: Mama, malalamiko ya mdomo hayaingii kwenye faili la maombi. Andikeni barua ya pingamizi kabla ya siku iliyotajwa kwenye tangazo. Iwe na namba ya kiwanja chako na cha jirani, umbali wa mita kutoka mashine itakapokaa hadi dirisha lako au kisima, na madhara mahususi: maji machafu yenye mafuta yatapita wapi, moshi wa kuchemshia utaelekea wapi, mashine itanguruma hadi saa ngapi. Peleka nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, kesho utaambiwa hukuandika.

Kwa maoni yetu, barua tano za majirani wanaopakana na kiwanja hicho, kila mmoja na vipimo vyake, zina nguvu kuliko karatasi moja yenye saini arobaini za mtaa mzima. Na msiishie kwenye "hatutaki". Ombeni masharti: shimo la kuchujia mafuta, ukuta, mwisho wa kazi saa 12 jioni. Kamati ikiamua kukubali maombi, angalau masharti hayo yatakuwa mezani, na akiyavunja mtakuwa na pa kushika.

SWALI: Je, manispaa inaweza kubadilisha matumizi ili tujenge nyumba za wageni ufukweni kabisa? — Msomaji, Bangwe

JIBU: Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mpango wa halmashauri hauwezi kuitangua. Nanyi mmeona Tanganyika ilivyopanda miaka hii hadi maji yakaingia majumbani. Anayekuuzia kiwanja cha ufukweni kwa ahadi kwamba "kitabadilishwa", mwambie mkapime kwanza, kutoka maji yalipofika yalipokuwa juu kabisa.