Barua kwa mwanangu: mwaka wa Würzburg

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako nimemsomea. Unauliza kama kwenda mji wa Würzburg, Ujerumani, kujitolea mwaka mzima si kupoteza wakati, ilhali uliomaliza nao chuo wanahangaikia ajira. Nenda, mwanangu. Nasema hivyo kwa sababu mwaka kama huo nimeuona ukimkuza mtu humu humu ndani.

Unamkumbuka yule binti wa Kijerumani aliyekuja kujitolea, tuliyeishi naye hapa Nyakato, Mwanza, ulipokuwa sekondari. Miezi ya mwanzo akitaka kitu alikuuliza papo hapo, salamu hakuna, na majirani wakasema anaringa. Siku moja alikwenda sokoni Mwaloni kununua dagaa, akina mama wakamcheka Kiswahili chake, akarudi analia. Kesho yake akaenda tena, kwa mama yuleyule. Nikaanza kumheshimu siku hiyo. Alipokaribia kuondoka alikuwa anashinda barazani na bibi yako wakimenya viazi vya michembe, vile vya kukaushwa, haangalii saa, na bibi akimfokea hanuni. Huku hakuwa na cheti wala ukoo wa kumtetea, na lugha ilimpiga chenga. Ikambidi asaidiwe na watu aliodhani amekuja kuwasaidia. Na wewe yatakupata hayo hayo, ndiyo maana nataka uende.

Mpango huo wa vijana kujitolea, weltwärts, Wajerumani waliuanza mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa vijana wao tu ndio waliokuja huku. Lilinikera sana hilo, kana kwamba sisi ni watu wa kutembelewa tu. Tangu 2013 na vijana wa huku wanakwenda, wa miaka 18 hadi 28. Nauli, malazi, bima na posho ndogo vimo ndani ya mpango. Akitokea mtu anadai hela ili akupatie nafasi, achana naye.

Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, mimi mwenyewe sijazaliwa. Kwa hiyo usiingie kwao kinyonge. Wakikuuliza habari za Afrika, wasimulie Kirumba na Ukerewe, mambo unayoyajua. Bara zima hujatumwa kulisemea.

Wakikupangia nyumba ya wazee, ipokee kazi hiyo kwa mikono miwili. Kumvalisha soksi mzee asiye ndugu yako, asubuhi ya Januari nje bado giza, naye anakusahihisha matamshi: ukilivumilia hilo bila kinyongo, utakuwa umekomaa kuliko chuo kilivyokukomaza.

Ninachokihofia ni upweke. Desemba kule jua linazama saa kumi na nusu jioni, na watu hawapigi hodi bila miadi. Ukikaa chumbani kusubiri wakualike, utasubiri sana. Alika wewe, pika wali na maharage ya nazi, waite. Na usitupigie simu kila usiku. Nitakukosa mno, lakini Jumapili inatosha, maana usiku wako wote ukiwa Nyakato, Würzburg utaikuta lini?

Ajira siwezi kukuahidi. Kijerumani utarudi nacho, na barua ya utumishi wako utapewa. Bibi anauliza kama huko michembe inaruhusiwa kwenye mzigo, ulizia. Pasipoti ianze sasa, baba yako atakusindikiza Uhamiaji ukija wiki ijayo.

Mama yako