Kabla ya Kumgombeza Jirani Kuhusu Maegesho, Soma Mkataba na Ushike Futikamba

Jirani ameegesha kwenye nafasi yako kwa mara ya tatu wiki hii, na sasa umechoka. Kabla hujashuka ngazi, jiulize kwanza: hilo neno "yangu" unalitumia kwa maana ipi? Ugomvi mwingi wa maegesho hukua kwa sababu watu wawili wanalitumia neno hilo kwa maana mbili tofauti, na kila mmoja anaamini kwa moyo wote kwamba mwenzake ni mkorofi.

Nafasi ya gari kwenye jengo au kiwanja cha pamoja huwa ni ya aina moja kati ya tatu. Kuna nafasi iliyoandikwa kwenye hati ya nyumba: imechorwa kwenye ramani iliyosajiliwa, ina namba, na nyumba ikiuzwa inakwenda nayo. Kuna eneo la wote ambalo mtu mmoja amepewa alitumie peke yake, ama kwa mkataba wa upangaji ama kwa uamuzi wa kamati ya wakazi. Huyo hamiliki ardhi, ana ruhusa tu, na ruhusa ina masharti yake. Halafu kuna eneo la wote kabisa, ambako anayewahi ndiye anayeegesha. Kuweka gari chini ya mti uleule mwaka hadi mwaka ni mazoea, na kwa kawaida mazoea peke yake hayaigeuzi nafasi ya aina hii ya mwisho kuwa mali ya mtu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karatasi. Toa mkataba, hati, ramani ya jengo na kanuni za wakazi, usome hata viambatisho, maana habari za maegesho hupenda kujificha huko nyuma. Angalia maneno yenyewe. Mkataba unaosema "nafasi moja ya gari" bila kutaja namba unakupa haki ya kupata nafasi, haukupi ile iliyo karibu na mlango. Unaosema "nafasi namba 7" unakupa hiyo namba 7. Kisha shuka na ramani mkononi uhesabu nafasi kuanzia mwanzo wa safu, kwa sababu namba zilizoandikwa chini mara nyingi zimepakwa upya na fundi ambaye hakuwa na ramani. Si ajabu kukuta namba 7 ya sakafuni ni namba 8 ya kwenye ramani. Hapo wewe na jirani wote mko sahihi, na mnagombana bure.

Mpangaji ana jambo la ziada la kuangalia. Mkataba wako ni baina yako na mwenye nyumba. Kama alikuahidi nafasi ambayo yeye mwenyewe hana, au aliyokwisha kumpa mpangaji mwingine, mdai yeye. Jirani hakukuahidi kitu.

Haki ya kupita nayo isichanganywe na haki ya kuegesha. Mtu anaweza kuwa na ruhusa ya kupita na gari kwenye kiwanja cha jirani kwenda kwake bila kuruhusiwa kuliacha hapo. Mpaka kati ya haki hizi mbili si mwepesi: mwaka 2007 kesi moja kutoka visiwa vya Shetland ilifika hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, na majaji wakaamua kwamba katika mazingira ya pale haki ya kupita na gari ilibeba pia haki ya kuegesha, kwa kuwa nyumba ilikuwa chini ya mteremko mkali na gari halikuweza kuifikia. Kama mgogoro wako ni wa njia ya pamoja, tafuta mwanasheria mapema, kabla hujaweka nguzo au mnyororo.

Sasa vipimo. Malalamiko ya "ananibana" hayamalizwi kwa maneno, yanamalizwa kwa sentimita. Nafasi ya kawaida ina upana wa karibu mita 2.4 hadi 2.5 na urefu wa mita 4.8 hadi 5. Gari dogo la abiria la siku hizi lina upana wa karibu mita 1.8 bila vioo vya pembeni. Magari mawili ya namna hiyo, kila moja likiwa katikati ya nafasi ya mita 2.5, yanaachiana sentimita 70. Mtu mzima anahitaji kama sentimita 60 kufungua mlango na kutoka bila kujipinda. Maana yake akiba iliyopo ni sentimita 10 tu. Mmoja akiegemea upande kwa sentimita 20, zinabaki 50, na hapo ndipo milango inapoanza kugongana na rangi kuchubuka. Kwenye nafasi ya mita 2.3 hizo 50 ndizo zilizopo hata kama kila mtu ameegesha kwa adabu kabisa. Ukipima ukakuta hivyo, mkosaji ni mchoro wa jengo, wala si jirani.

Urefu nao una hesabu yake. Pikapu yenye milango minne hufikia mita 5.3 au zaidi, kwa hiyo kwenye nafasi ya mita 5 inachomoza sentimita 30 njiani. Njia ya kugeuzia kwa maegesho ya kuingia moja kwa moja huhitaji kama mita 6. Pikapu mbili zikitazamana, zinabaki mita 5.4, na aliye nyuma yao sasa anatoka kwa kurudi mbele na nyuma mara tatu. Halafu mlalamikaji anayaona "magari makubwa" kuwa ni dharau, wakati mwenye pikapu hajawahi hata kujua kwamba anazidi. Mpigie picha mkia wa gari pamoja na mstari, mwonyeshe kwa upole. Mara nyingi dawa ni kumhamishia kwenye nafasi ya mwisho wa safu, ambako hakuna anayegeuzia.

Ipo mbinu moja ambayo tungependa kila jengo lenye nafasi finyu liijue. Pale ambapo nafasi mbili zimekaa pamoja, na kila upande wa nje una ukuta au nguzo, gari moja liingie kwa mbele na la pili kwa kinyumenyume, ili milango ya madereva wote wawili iangalie katikati. Kisha kila mmoja asogee ukutani, aache sentimita 30 ili kioo cha pembeni kisiguse. Chukua upana wa mita 5 kwa zote mbili: magari yanakula mita 3.6, kuta zinachukua sentimita 60, na katikati inabaki sentimita 80. Madereva wote wanatoka kwa raha. Abiria washuke kabla gari halijaingia.

Ukishajua karatasi zinasema nini na futikamba inasema nini, ndipo uende kuongea. Nenda mwenyewe, ana kwa ana, ukiwa umetulia na si saa ile ile uliyozibiwa. Usipeleke ujumbe kwenye kundi la simu la wakazi: aliyetajwa mbele ya watu 40 hujitetea tu, hasikilizi. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele nayo husomwa kama tusi hata ikiandikwa vizuri, kwa sababu haina sauti wala uso. Anza na salamu kamili, shikamoo kwa anayestahili, kisha sema jambo moja tu, lenye siku na saa: "Samahani jirani, jana na juzi usiku nimekuta gari lako kwenye namba 7. Mkataba wangu unataja hiyo namba. Huenda hukuambiwa, nikaona nije tuangalie pamoja." Usimrundikie ya muziki, takataka na watoto. Ukichanganya, atajibu lile jepesi na kuliacha la maegesho.

Sikiliza jibu lake kwa makini. Akisema "mlinzi ndiye aliyenielekeza" au "mwenye nyumba alinionyesha hapa", ugomvi umehama, na ninyi wawili sasa mko upande mmoja mbele ya msimamizi wa jengo.

Kuzibiana njia kunahitaji makubaliano ya namna yake, hasa pale gari moja linapokaa nyuma ya jingine. Kinachofanya kazi ni saa, si wema. Andikeni nani hutoka saa ngapi siku za kazi, na anayetoka saa 11 alfajiri aegeshe upande wa nje, hata kama alirudi mapema. Kila mmoja awe na namba ya simu ya mwenzake, na mkubaliane simu ya usiku itapokewa ndani ya dakika ngapi. Dakika 10 zinatosha. Wengine huachiana funguo. Kabla ya hapo someni bima zenu, kwani bima nyingi hutaja nani anaruhusiwa kuendesha gari, na jirani akigonga nguzo wakati anakusogezea, gharama inaweza kuwaangukia ninyi. Ule mtindo wa kuacha gari kwenye fri bila breki ya mkono ili lisukumwe hatuushauri popote penye mteremko, hata ule usioonekana kwa macho. Weka chupa ya maji iliyolala sakafuni: ikibiringika, gari nalo linaweza kuondoka lenyewe.

Uhaba wa kweli, yaani magari mengi kuliko nafasi, hauponi kwa heshima wala kwa ukali. Unapona kwa zamu. Chukua nyumba 12 na nafasi 9. Ukigawa mwaka kwa robo nne, kila robo nyumba 3 zinakaa nje, na 3 mara 4 ni 12: kila nyumba inakosa nafasi robo moja tu kwa mwaka, na hakuna anayekosa mara mbili. Zamu ya kwanza ipigwe kura mbele ya wote, orodha ya mwaka mzima ibandikwe getini. Mwenye ulemavu asiingizwe kwenye zamu. Apewe nafasi ya kudumu karibu na mlango, yenye nafasi ya ziada ya mita 1.2 pembeni kwa ajili ya kiti cha magurudumu, kisha hesabu ifanywe upya kwa waliobaki. Gari la pili la nyumba moja lisipate nafasi mpaka kila nyumba imepata ya kwanza. Sharti hili ndilo linalopingwa kuliko yote, na ndilo la haki kuliko yote.

Kanuni hizo zipitishwe kwenye kikao na ziingie kwenye muhtasari wenye saini. Kanuni ambayo haimo kwenye muhtasari, siku ya ubishi haipo. Humo humo wekeni kanuni ya gari bovu: lisilotembea siku 30 lipewe taarifa ya maandishi, kisha kikao kiamue. Wekeni ya wageni, na muda wao wa mwisho. Wekeni ya gari linalovuja oili: mwenyewe aweke sinia la kukingia na asafishe. Wekeni pia ya njia ya gari la zimamoto, ambayo haiegeshwi hata kwa dakika tano. Iachieni kama mita 3.7 za upana wakati wote.

Jirani asipobadilika, anza kuweka kumbukumbu. Picha ionyeshe kwa pamoja namba ya gari, mstari au namba ya nafasi, na kitu kisichohama kama nguzo. Picha ya karibu ya tairi peke yake haithibitishi kitu. Usipige sura za watu, wala watoto wao. Kwenye daftari andika tarehe, saa ya kukuta, saa lilipoondolewa, na kilichokuathiri. Wiki tatu zinatosha kuonyesha kama ni bahati mbaya au tabia. Barua kwa msimamizi wa jengo au mwenye nyumba iwe ya ukurasa mmoja: namba ya nyumba na ya nafasi, kifungu cha mkataba, tarehe zenyewe, unachoomba kifanyike, na siku 14 za kujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea. Ikishindikana, omba mpatanishi ambaye wote wawili mnamkubali kabla ya kufikiria mahakama.

Yapo mambo yanayomgeuza mwenye haki kuwa mkosaji kwa dakika moja: kumzibia naye ili "ajue inavyouma", kutoa upepo kwenye matairi, kukwaruza gari, kufunga mnyororo kwenye magurudumu, kuita gari la kuvuta bila idhini. Huko England na Wales, kufunga magurudumu ya gari la mtu kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai tangu Oktoba 2012. Hata pale sheria isiposema hivyo, gari likiharibika wakati wa kuvutwa, bili inaweza kukufuata wewe uliyeita.

Mkifika kwenye makubaliano, chorani mistari wiki hiyo hiyo, maana mstari uliofutika hurudisha ugomvi. Zege jipya lisubiri siku 28. Oili isuguliwe kwa sabuni ya kuondoa grisi mpaka maji yasitengeneze matone juu yake, la sivyo rangi itabanduka kama ganda. Pimeni kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kwanza, mgawanye, kisha nyosheni kamba iliyopakwa chaki. Mkianza kupima nafasi moja moja, makosa yanajumlika na wa mwisho anabaki na mita 2.1. Tumieni rangi ya barabarani, mstari wa sentimita 10, mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili. Safu ya nafasi 9 ina mistari 10, kila mmoja mita 5, sawa na mita za mraba 5 kwa kila mkono. Andikeni namba kwa kufuata ramani, mbele ya wahusika wote, na pazibwe mpaka muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo upite.