Kopo la mama

SWALI: Shikamoo Bibi. Naishi na mama hapa Mwanga, Kigoma. Ana miaka 67, ana kisukari, anameza metformini huu mwaka wa tisa. Jirani kamuuzia kopo la vidonge vya virutubisho kwa shilingi 90,000, eti vitamwongezea miaka. Sasa anataka la pili. Nimnunulie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue. Mimi mwenyewe, nesi mzima, niliuziwa kopo kama hilo na shoga yangu wa Ujiji nilipostaafu. Miezi mitatu nameza. Kilichobadilika ni mkojo tu, ukawa wa njano ya kung'aa. Ndiyo vitamini B2 hiyo: mwili ukishatosheka, inayobaki inatoka. Mafao yangu nikayapeleka chooni.

Hiyo miaka ya kuongezewa sijaiona. Mwaka 2024 Wamarekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 390,000 wenye afya, waliofuatiliwa miaka 20 na ushee. Waliomeza multivitamini, yaani vidonge vya vitamini mchanganyiko, kila siku hawakuishi zaidi ya wenzao. Na vingine vina madhara: kule Finland, 1994, wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Beta-karotini hiyo ndiyo inayoyapa mawese yetu ule wekundu, lakini ya kwenye sufuria sina ugomvi nayo. Wala dagaa wa Kibirizi, akiliwa na mifupa yake, hahitaji kidonge cha kalisi pembeni.

Kinachonishughulisha ni hiyo miaka tisa ya metformini. Ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12 mwilini. Mtu anachoka, damu inapungua, miguu inaingia ganzi au inachomachoma, halafu wote tunasema "ni sukari hiyo". Muulize mama leo usiku, akishavua kandambili: nyayo anazisikia vizuri?

Siku ya kliniki mwambie daktari ni mwaka wa tisa, uulizie kipimo cha B12. Ikiwa imeshuka atapewa hiyo, ya kumeza au ya sindano, kama mjamzito anavyopewa vidonge vya madini chuma na foliki kwa sababu anavihitaji. Metformini asiiache kwa maneno yangu. Na kopo lenyewe libebe, wasome kilichoandikwa ubavuni. Jirani akiuliza, mwambie hela imeishia kwenye dagaa.